Muswada wa genge la vijana: wasomaji nusu wanasema nalipamba, nusu wanasema nahubiri

Kalamu_ya_Mkaa

Wakuu, naomba mwongozo. Nina muswada wa filamu fupi (nimeuambatisha), kurasa 15, yaani kama dakika 15 kwenye skrini. Mhusika ni mvulana wa miaka 14. Anaingia kwenye genge, anapewa jina, anatumwa kazi ya kwanza, mtu anaumia, mwisho. Watu sita wameusoma. Watatu wamesema genge limependeza mno kiasi kwamba hata wao wangejiunga. Watatu wamesema ni hotuba ya mgeni rasmi. Nikikaza huku, kunalegea kule.

Ninachouliza: kwanza, kijana anajiunga kwa nini hasa, tukiacha "kwao maskini, baba mlevi"? Pili, kwenye kamera na uhariri, ni kitu gani kinachofanya genge litamanike hata pale mwandishi asipokusudia? Tatu, nitumie waigizaji au vijana wa mtaani wenyewe, na bastola iliyopo kwenye onyesho moja niifanyeje? Nne, mwisho. Nimeshaandika mitatu, na yote mitatu anakufa.

Rikamoja

Ndugu, ugonjwa wa muswada wako uko kwenye swali la kwanza, kwa hiyo nitakaa hapo.

Tenganisha kijiwe na genge. Kijiwe ni vijana wanaokaa pamoja kwa sababu wanaishi karibu na hawana pa kwenda. Wavulana wengi wamepita kijiweni na hawajawahi kuiba hata ndala. Frederic Thrasher, aliyechapisha mwaka 1927 utafiti wake wa magenge 1,313 ya Chicago, alionyesha kwamba mengi yalianza kama makundi ya kucheza tu. Kilichoyageuza ni mgongano: kundi jingine linalotaka uwanja uleule, mwenye duka anayewafukuza, polisi anayewatawanya. Adui akishapatikana, kijiwe kinapata mpaka, kinapata jina, na wanaanza kusema "sisi". Wewe, naona, umeanza na genge lililokwisha kukamilika, lina mkuu na sheria zake kama kampuni. Tumia kurasa mbili za mwanzo kuonyesha kijiwe, halafu mtuonyeshe siku adui alipopatikana. Mtazamaji ataingia pamoja na kijana bila kujua ameingia lini.

Umaskini ni kweli lakini hautoshi. Kwenye nyumba ileile wapo ndugu watatu, aliyejiunga ni mmoja. Kwa nini yeye? Albert Cohen aliandika mwaka 1955 kwamba kijana wa tabaka la chini hupimwa kila siku kwa mizani ambayo hakuichagua, hasa shuleni: namna ya kuongea, kuvaa, kukaa, kungoja zamu. Anashindwa leo, anashindwa kesho, kisha anapata mahali ambapo mizani imepinduliwa na yale yaliyomwaibisha darasani yanampa sifa. Kwa hiyo muswada unahitaji onyesho moja la aibu mbele ya watu, dogo, lisilo na kofi wala matusi. Mwalimu anamwita mbele asome, anakwama, darasa linanyamaza. Nusu ukurasa unatosha. Jambo lilelile lililomkwamisha pale, kwa mfano ukimya wake, liwe ndilo atakalosifiwa kijiweni.

Fedha nayo usiikuze. Steven Levitt na Sudhir Venkatesh walichambua hesabu za genge moja la Marekani lililouza dawa za kulevya na kuchapisha matokeo mwaka 2000: wauzaji wa barabarani walipata takriban sawa na kima cha chini cha mshahara. Waliobaki walikuwa wanangoja kupanda cheo, na vyeo vya juu ni vichache. Kijana wako akitoka kazi ya kwanza na bunda la noti, umeandika tangazo la ajira. Mpe noti mbili zilizokunjamana na ahadi.

La mwisho kwa leo. Malcolm Klein, akichunguza magenge ya Los Angeles miaka ya 1960, aligundua kwamba wafanyakazi wa jamii waliotumwa kukaa na magenge na kuyapangia shughuli za pamoja waliyaongezea mshikamano, na uhalifu haukupungua. Kundi linaloshughulikiwa kama kundi linazidi kuwa kundi. Lile onyesho lako la mjumbe anayekuja kuwakemea vijana wote pamoja ungeweza kulibakiza, mradi baada ya kuondoka kwake tuwaone wamekaa karibu zaidi kuliko mwanzo. Hapo halitakuwa hotuba tena.

Mkasi_Mezani

Najibu la pili, maana ndiyo kazi ya meza ya uhariri.

Genge hupendeza kwa vitu vilevile kila mara: kamera iko chini inamtazama mkuu kama sanamu, mwendo unapunguzwa wakati wanatembea wanne sambamba, muziki unaingia sekunde moja kabla ya ngumi, na mkuu wa genge ndiye anayepewa sentensi zote nzuri. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, na halimo kwenye kamera bali kwenye kalamu yako. Hesabu mistari. Kama mtu mwenye akili, ucheshi na utulivu kuliko wote ni mkuu wa genge, mtazamaji ataenda naye hata ukimuua mara saba.

Hubiri lililobandikwa haliponyi. Filamu ya Scarface ya mwaka 1932 ilibanwa na wadhibiti mpaka ikaongezewa jina dogo la "Aibu ya Taifa" na onyesho la mwenye gazeti anayekaripia wananchi. Ukiitazama leo unaona kabisa pale ilipotiwa kiraka. Linganisha na Angels with Dirty Faces ya 1938. Padri anamwomba rafiki yake, jambazi anayekwenda kwenye kiti cha umeme, afe akilia kama mwoga ili wavulana wanaomwabudu wamkinai. Anakufa akipiga mayowe, na hatujui kama aliigiza au aliogopa kweli. Hapo swali lako lote limegeuzwa kuwa tukio la hadithi: umaarufu wa jambazi mbele ya vijana ndio mali inayogombaniwa.

Kwenye onyesho lako la kuumizwa kwa mtu, fanya hivi. Anayeumia awe na jina na awe na shughuli kabla ya kuumia. Mtu aliyetokea ili apigwe ni gunia la mazoezi. Mpige kamera kwa urefu wa macho. Zima muziki tangu nusu dakika kabla, ili ukimya usisikike kama ujanja wa muziki. Ugomvi wenyewe usizidi sekunde 10 au 15, kwa sababu ugomvi wa kweli ni mfupi, mchafu, na nusu ya ngumi hazifiki. Halafu baki. Hapa wahariri wengi tunakata mapema kwa woga wa kuchosha. Kaa na uso wa yule ambaye hakupiga kwa sekunde 8 nzima, kisha nenda kwenye mikono ya aliyepiga inayotetemeka mpaka anashindwa kufunga zipu ya jaketi. Matokeo yapewe muda mara tatu ya tukio.

Na onyesha uchovu wa kutokuwa na la kufanya. Genge kwenye filamu lina shughuli nyingi kuliko ofisi ya mkoa. La Haine ya Mathieu Kassovitz, 1995, inaandika saa kwenye skrini siku nzima huku vijana watatu wakizunguka bila kazi. Kuna mtoto anayesimulia kisa kirefu kisicho na mwisho na hakuna anayejali. Bastola moja aliyopoteza polisi imo mfukoni mwa mmoja wao, na kwa sababu hakuna kinachotokea, kila dakika inazidi kuwa nzito. Uchovu huo haupendezi na hauhubiri. Mpe ukurasa mzima kati ya 15 zako.

Kalamu_ya_Mkaa

Nashukuruni sana. Mistari nimehesabu: mkuu wa genge ana 41, kijana ana 12. Nimeona aibu.

Kuna la lugha nililisahau. Nimejaza misemo ya mtaani kila mstari na wasomaji wawili wamesema inanuka kamusi. Niandike Kiswahili cha kawaida tu?

Rikamoja

Usiandike misemo ya mtaani wewe. Andika kila mstari kwa Kiswahili cha kawaida ukieleza anachotaka msemaji: "anamtania ili wengine wacheke", "anamtisha bila kupaza sauti". Kisha wape vijana watatu au wanne wa umri huo, kila mmoja peke yake, waseme kwa namna yao, urekodi. Chagua. Msemo wa mtaani unazeeka haraka. Neno ulilolisikia wewe mtu mzima huenda wao wameshaliacha. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, 2012, ina Sheng inayosikika kama watu wanaongea, na haisimami kumfafanulia mgeni. Mwenye kusoma manukuu atasoma.

Halafu lugha yenyewe iwe kipimo cha uanachama. Mvulana wako akosee neno siku ya kwanza, wacheke. Kwenye ukurasa wa 10 amsahihishe mgeni mwingine neno hilohilo. Huhitaji mtu aseme "sasa umekuwa mmoja wetu".

Jina ni hivyohivyo. Chora jedwali dogo pembeni ya muswada: mama anamwitaje, mwalimu anamwitaje, kijiwe kinamwitaje, polisi anamwitaje, na yeye akiwa peke yake anajiitaje. Kwenye filamu ya Brazili Cidade de Deus, 2002, Dadinho anapopewa jina la Zé Pequeno ni kama amezaliwa upya, na aliyekufa ni mtoto. Kwenye filamu ya Ufaransa Bande de filles ya Céline Sciamma, 2014, Marieme anapewa mkufu wenye jina Vic, kifupi cha neno la Kifaransa la ushindi. Angalia pia kwamba hao ni wasichana. Kwao kundi ni ukumbi wa kucheka na kucheza bila kaka wa nyumbani kuwaamrisha. Ukitaka kumwelewa mvulana wako, itazame hiyo kwanza. Filamu za wavulana zimeshajaa mno mikao ya kuigana.

Mtazamaji_Tu

Mnazunguka mbuyu. Filamu ndizo zinazowafundisha hawa watoto ujambazi. Bila filamu kusingekuwa na haya. Mleta mada, tafuta hadithi nyingine.

Rikamoja

Kuiga kupo, ndugu yangu, na kuna historia ndefu Afrika. Sophiatown, mtaa wa Johannesburg, ya miaka ya 1950, kabla serikali haijaibomoa, ilikuwa na magenge yaliyojiita Americans na Berliners, vijana wamevaa suti na kofia za sinema. Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilikuwa na wale walioitwa Bills, kutokana na Buffalo Bill: skafu shingoni, mwendo wa kaoboi, na lugha yao wenyewe, Hindubill. Lakini tazama walichochukua: nguo, majina, namna ya kutembea. Njaa ya kutambuliwa hawakuikuta kwenye ukumbi wa sinema. Iliingia nao mlangoni. Utawala wa kikoloni uliwaambia si wa mjini, kijijini walishatoka, na kaoboi ni mtu asiyeomba kibali cha kupita.

Filamu nzuri huiweka hali hiyo ndani yake. Kwenye Gomorra ya Matteo Garrone, 2008, wavulana wawili wanaigiza maneno ya Scarface, ile ya 1983, wakiwa kwenye jumba tupu la kifahari, halafu tunawaona ufukoni na chupi, wamebeba silaha za kivita. Ni kichekesho, na kinatia hofu. Hakuna anayetoka pale akitamani chupi ile.

Nyuma_ya_Pazia

La tatu bado halijajibiwa, na ndilo linaloweza kukupeleka mahakamani, mdogo wangu.

Vijana wasio waigizaji wanaweza kukupa uso ambao chuo hakiufundishi, ila wanakula muda. Fernando Meirelles na Kátia Lund walifanya warsha ya miezi kwa ajili ya Cidade de Deus, na vijana hawakupewa muswada. Waliambiwa nia ya onyesho, wakatafuta maneno wenyewe. Kwa dakika 15 panga wiki 6, vipindi viwili kwa wiki, saa mbili kila kipindi. Wiki mbili za kwanza usitaje hadithi kabisa: michezo, kusikilizana, kunyamaza mbele ya kamera. Kinachoharibika mara nyingi ni kwamba kijana akiona neno "genge" anaanza kuigiza filamu aliyoiona, anapanua kifua na kukaza sauti. Mpe kazi ya mikono, afungue fundo au achambue betri za redio, huku anasema mstari wake. Kifua kitashuka chenyewe.

Usimpe aliyewahi kuwa kwenye genge nafasi ya kurudia aliyoyafanya. Mbadilishie: aliyekuwa mpigaji acheze muuza duka. Idhini iwe ya maandishi, ya mzazi au mlezi na ya kijana mwenyewe, isomwe kwa sauti, na ieleze filamu itaonyeshwa wapi, ikiwemo intaneti. Malipo yafanane kwa wote wenye nafasi sawa. Tofauti ndogo ya pesa huzaa ugomvi wa kweli ndani ya genge la uongo. Na fikiria baada ya filamu. Fernando Ramos da Silva, mtoto aliyecheza filamu ya Brazili Pixote, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, alirudi kwenye umaskini na akauawa na polisi mwaka 1987 akiwa na miaka 19. Kwenye Rodrigo D. ya Víctor Gaviria, iliyopigwa Medellín, Kolombia, vijana kadhaa walioicheza waliuawa ndani ya muda mfupi. Filamu haikuwaua, lakini iliwapa sura inayojulikana mitaani na kisha kamera ikaondoka.

Mavazi: usitumie rangi, alama ya mkono, chale wala maandishi ya ukutani ya kundi lililopo kweli. Buni yako, kisha mwonyeshe mtu wa eneo hilo aithibitishe kwamba haifanani na ya mtu. Nguo zibaki seti. Kijana anayekwenda nyumbani amevaa jaketi la "genge" akapita mtaa usio wake, umemtuma vitani. Mahali pa kupigia pasiwe mpakani mwa makundi mawili. Nguo zenyewe zisiwe mpya zote. Nunua kitu kimoja kizuri, kiatu au jaketi, na kiwe kinazunguka: leo kimevaliwa na huyu, kesho na yule. Mtazamaji ataelewa kwamba kundi zima lina jaketi moja.

Bastola: toa ya kweli kwenye mawazo yako, hata isiyo na risasi. Hata risasi ya baruti tupu, isiyo na kichwa, inaua kwa karibu. Jon-Erik Hexum alijipiga nayo kichwani kwa mzaha kwenye seti mwaka 1984 akafa. Mwaka 2021 kwenye filamu ya Rust risasi ya kweli ilikutwa ndani ya bastola ya maigizo, na mpigapicha Halyna Hutchins akauawa. Tumia ya mpira au ya mbao iliyopakwa rangi, ishikwe na mtu mmoja aliyepewa jukumu hilo tu, itoke kwenye boksi kamera ikiwa tayari na irudi mara ya "kata". Toa taarifa ya maandishi kituo cha polisi, ukitaja tarehe, saa na mahali. Nenda na nyumba kwa nyumba, maana jirani akiona mvulana na bastola hatasubiri kuuliza kama ni sinema.

Au usiionyeshe. Tuone uzito wake kwenye suruali inayoshuka, na yeye anaipandisha kila hatua tatu. Inatosha na ni bure.

Kalamu_ya_Mkaa

Ya suruali nimeichukua. Imebaki mwisho.

Mkasi_Mezani

Kifo ni mwisho rahisi kwa sababu kinawaridhisha wote sita: wanaopenda genge wanapata shujaa, wanaolichukia wanapata adhabu. Ndiyo maana muswada wako unasomeka namna mbili.

Gavin Hood alipiga miisho mitatu ya filamu ya Tsotsi, ya 2005: kijana jambazi anauawa, anatoroka, na ule uliotoka, anasimama ameinua mikono mbele ya polisi. Huo wa mikono hautuambii ya kesho, na ndio uliobaki na nguvu. Luis Buñuel naye alipiga mwisho wa heri wa Los olvidados, 1950, mvulana Pedro akirudi salama shuleni kwake. Hakuutumia. Alioutumia maiti ya Pedro inabingirishwa jalalani, wala hakuna anayehutubia. Sasa, kama hutaki kuua na hutaki kuokoa, mrudie Rikamoja.

Rikamoja

Nilikuwa nakuja huko. Terence Thornberry na wenzake waliwafuatilia vijana wa Rochester, Marekani, kuanzia mwaka 1988. Wengi wa walioingia kwenye genge walikaa mwaka mmoja au chini ya hapo. Uhalifu wao ulipanda wakiwa ndani na ukashuka walipotoka. Filamu zinapenda kusema hakuna kutoka ila kwa jeneza. Yapo magenge ya hivyo, lakini mengi ya vijana wa miaka 14 huachwa kama shati lililobana: leo hajaja, kesho anapitia njia nyingine, wiki ijayo wamemsahau.

Kwa hiyo jaribu hivi. Baada ya mtu kuumia, kata miezi minane mbele. Mvulana yuko kwenye foleni ya kitu cha kawaida kabisa. Aliyeumizwa anaingia, anachechemea, anasimama nyuma yake. Mtu kwa mbali anaita jina la kijiweni. Kamera iko kwenye shingo ya mvulana. Kama atageuka au hatageuka, kapige zote mbili, ukaamue mezani.

Mkasi_Mezani

Zipige kwa shoti ndefu, sekunde 20 kila moja, na usiwaambie waigizaji wengine kwenye foleni ataitwa lini. Rekodi sauti ya anayeita peke yake pia, kwa karibu na kwa mbali, utaihitaji.